Langu Si Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika barua ya mistari minne, nikarudishiwa mara tano. Ofisi yetu ilikuwa Magarama, mjini Gitega, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la sabuni na kinyozi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua, maombi na maelezo ya mashauri, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mimi, binti wa fundi cherehani wa mtaa huohuo, niliajiriwa kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi kwenye mashine ya kuandikia. Nilidhani vidole vinatosha.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mchele aliyetaka kumwandikia mwenzake wa upande wa Tanzania. Nilimsikiliza, nikapiga mashine bila kupumua, nikapeleka karatasi kwa Mkuu wa Ofisi nikiwa nimejaa maringo. Barua ilisema: "Mchele imefika na lori lakini magunia mbili imelowa. Naomba ubadilishe yote."

Mkuu wa Ofisi alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha usogee karibu. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alisoma, akavua miwani.

"Zaituni, abadilishe nini?"

"Si ile yenye imelowa, Mkuu."

"Mimi naona mchele, naona lori, naona magunia. Abadilishe mchele wote? Lori lote? Magunia yote? Huyo bwana akileta lori jingine hapa mlangoni, utalipokea wewe?"

Yule mfanyabiashara, aliyekuwa bado amekaa kwenye benchi, alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye mashine, nikaandika upya, nikarudishiwa, nikaandika tena. Mara ya sita barua ilisema: "Mchele umefika. Magunia mawili yamelowa. Naomba uyabadilishe hayo mawili." Mteja akaisikiliza ikisomwa, akatikisa kichwa.

"Bon, sasa inasema kitu yenye mi nilikuwa nayo kwa kichwa," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na ngeli, yaani makundi ya majina katika Kiswahili, na upatanisho, yaani jinsi maneno mengine katika sentensi yanavyolifuata jina lao: gunia limelowa, magunia yamelowa, mchele umelowa. Ninyi vijana mmevisoma darasani. Sisi tulisoma kwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani na cha sokoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nacho kina sarufi. Nilipolalamika kwamba mambo hayo ni magumu, Mkuu aliniuliza swali moja.

"Kwa Kirundi, ardhi ni itongo. Je, unasema itongo yanje?"

"Hapana, Mkuu. Itongo ryanje, yaani langu."

"Na nyumba?"

"Inzu yanje, yaani yangu."

"Basi sikio lako linajua tofauti tangu unanyonya. Ukifika kwenye Kiswahili tu ndipo unaliziba pamba."

Nilinuna siku nzima, lakini alikuwa amesema kweli. Hakuna mtoto wa Burundi anayekosea upatanisho kwa Kirundi. Tukigeukia Kiswahili, kila kitu kinakuwa yangu, kila kitu kinakuwa iko, na maisha yanaendelea.

Nilikaa na Mkuu huyo miaka sita. Alinifundisha aina za maneno kwa kupitia wateja, hakuwa na kitabu. Nomino ni jina, kitenzi ni neno la tendo, na sentensi isiyoonyesha nani amefanya nini alikuwa akiirudisha bila hata kusema. Kihisishi, yaani neno la kutoa hisia kama "lo" au "yoo", alikikataza kabisa katika barua za serikali, akisema mkuu wa idara hana haja ya kusikia mtu anavyoguna. Kiunganishi "na" alikiogopa kama mbwa asiyemjua. Mteja aliwahi kutuambia tuandike kwamba alitukanwa na jirani na mke wake, na tulitumia asubuhi nzima kutafuta kama mke wa mteja ni miongoni mwa waliotukana.

Somo nililolipenda zaidi ni la kivumishi na kielezi. Kivumishi hueleza jina, kielezi hueleza tendo. Mama mmoja wa Musinzira alikuja akiwa amefura, akataka tumwandikie wazazi wa mkwe wake kwamba "mkwe mbaya amenijibu". Mkuu alimnyamazisha taratibu, akamwomba asimulie yaliyotokea. Kisha akaniambia niandike: "Mkwe wangu amenijibu vibaya."

"Si iko sawasawa tu?" yule mama akauliza.

"Hapana, mama. Ukisema mkwe mbaya, ubaya umeuweka kwenye mwili wake, na hapo hautoki. Ukisema amejibu vibaya, ubaya upo kwenye jibu, na jibu anaweza kuja kuliomba msamaha."

Mkwe alikuja, akaomba msamaha. Nilianza kuipenda kazi hiyo siku hiyo, naweza kusema hata saa.

Baada ya hapo nikahamishiwa Muyinga, kwenye tawi jipya karibu na soko, barabara ya kwenda Tanzania. Msimamizi wa Tawi alikuwa mama wa kazi, mwenye haraka na mwenye moyo. Watu walikuwa wengi. Wakati huo wakimbizi wengi walikuwa wamerudi, wakulima waliokulia Tanzania, Wakristo kwa sehemu kubwa, nao walikuja na mashauri ya ardhi. Kifaransa hawakukijua, Kirundi chao kilikuwa cha kujikwaa, lakini Kiswahili chao kilikuwa kama taarifa ya habari. Sisi wa mjini tuliwaita watu wa redio. Nasema hili kwa aibu kidogo: tulikuwa tunawaigiza wakishatoka.

"Bon, Zaituni," Msimamizi aliniambia wiki ya kwanza, "foleni iko ndefu. Andika vile watu wanasema hapa, hapana kupamba. Wazee wa kule kilimani waelewe, alors inatosha."

Sikubishana. Kwa kweli nilifurahi. Miaka sita nilikuwa nimeandikishwa kama mwanafunzi, na sasa nilipewa ruhusa ya kuandika kama nilivyozungumza na dada zangu.

Ndipo akaja Mama Eliya. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye tabia ya kukunja mikono mapajani kabla ya kusema neno. Baba yake alikimbilia Tanzania akafia huko, akiacha shamba kilimani, mwendo wa saa moja kutoka mjini Muyinga. Katika shamba hilo mdogo wa baba huyo, Mzee Simeoni, aliyebaki nchini, alikuwa amejenga nyumba. Simeoni hakujaaliwa mtoto, mke wake alikuwa amefariki, na nyumba hiyo ndiyo kitu pekee alichokifanya kwa mikono yake. Mama Eliya aliporudi na watoto watatu, mzee alimfungulia mlango, wakawa wanaishi pamoja, wanakula chungu kimoja. Walikuwa wamekwisha kukubaliana: shamba ni la Mama Eliya, nyumba ni ya baba mdogo mpaka mwisho wa maisha yake. Kilichobaki ni karatasi tu, maelezo ya mdai, yaani maneno ya anayeomba haki yake, ili bashingantahe, wale wazee wanaosuluhisha mambo kilimani, wathibitishe. Shauri jepesi kuliko hilo sikuwa nimewahi kupewa.

Mama Eliya alisema polepole, nami nikiandika: "Shamba la marehemu baba lina nyumba ya baba mdogo. Ninaomba nirudishiwe, kwa kuwa ni langu kwa urithi."

Mimi nikapiga: "Shamba ya marehemu baba iko na nyumba ya baba mdogo. Naomba nirudishiwe sababu iko yangu kwa urithi."

Nilipomsomea, aliinua kichwa.

"Dada karani, mimi nimesema langu."

"Ni kitu kimoja, mama. Hapa watu wanasema yangu. Wataelewa tu."

Aliniangalia kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akatazama foleni nyuma yake. Alikuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe, na mimi nilikuwa na mhuri. Akaweka sahihi. Nakala moja ikaenda kwa bashingantahe, nyingine kwa Mzee Simeoni.

Someni tena sentensi zangu mbili, mtaona nilichofanya. Katika maneno yake, "langu" lilikuwa limeshika shamba, haliwezi kushika nyumba, maana nyumba ni yangu. Herufi moja ilikuwa inaonyesha mpaka. Mimi niliing'oa. Ukizungumza na mtu uso kwa uso, "iko yangu" haina ubaya, kwa sababu una mkono, unaonyesha kule shambani na kila mtu anageuka. Karatasi haina kidole. Upatanisho ndio kidole chake, na mimi nilikikata kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kwa sababu sikutaka kuonekana ninafuata Kiswahili cha watu wa redio. Hilo la pili ndilo linalonikera zaidi.

Siku nne baadaye Mama Eliya alirudi. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza yangu akasema kwamba jirani alimsomea baba mdogo nakala yake, na tangu hapo mzee hamwambii neno. Hakumfukuza. Alitenga chungu chake kidogo, akawa anapika peke yake pembeni mwa ua, na jirani alipomuuliza kulikoni, alisema maneno ambayo Mama Eliya aliniletea kama yalivyotoka:

"Mi nilimupokea kwa mulango. Sasa anataka mulango yenyewe."

Nilijua palepale. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Niliichukua nakala ya ofisi, nikaisoma kwa sikio la mzee asiye na mtoto, na kila nilipoisoma nyumba yake ilikuwa inadaiwa. Nilimwambia Mama Eliya kosa ni langu, si lake. Akanijibu, bila hasira hata kidogo:

"Mimi nilitaka kukwambia siku ile, dada. Niliona aibu. Nilidhani labda Kiswahili changu ndicho kibaya."

Mpaka leo sentensi hiyo inaniuma kuliko karipio lolote nililowahi kupewa na wakubwa wangu.

Nilikwenda kwa Msimamizi nikitegemea kufukuzwa. Alisoma karatasi mara mbili, akashika paji la uso.

"Mi ndiye nilikuambia uandike hivyo," akasema. "Tutaenda sisi wawili. Funga ofisi."

Tulikwenda kilimani kwa miguu, Msimamizi akiwa na viatu vya ofisini, Mama Eliya mbele. Ilikuwa siku ya shauri, na bashingantahe watatu walikuwa wamekwisha kukaa. Mzee Simeoni alikuwa kwenye kigoda pembeni, mgongo kwa nyumba yake, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Hakuitikia salamu yangu.

Nilikuwa nimeandika maelezo mapya njia nzima kichwani, lakini nilipofungua mdomo nikajua kwamba kusoma "langu" mbele ya mzee huyo hakutasaidia. Sikio lake la Kiswahili lilikuwa kama langu, la sokoni. Nikayaacha. Nikasema kwa Kirundi, ambako yeye na mimi hatukosei: "Itongo ni irya Mama Eliya. Inzu ni iya Simeoni." Ardhi ni ya Mama Eliya, nyumba ni ya Simeoni. Kila jina mahali pake, hakuna kiwakilishi, yaani hakuna neno dogo la kusimama badala ya jina, hakuna nafasi ya mtu kuuliza kipi ni cha nani.

Mzee aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Subiri." Akamgeukia Mama Eliya. "Iko hivi ulisema?"

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo, baba. Nyumba ni yako. Ningekudaije nyumba nami nalala ndani yake kwa hisani yako?"

"Na ile ya kwanza, iliandikwa na nani?"

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"We uko mutoto wa nani?"

"Wa fundi cherehani wa Magarama, kule Gitega."

Akashika mkono wa shati lake.

"Baba yako anaweza shona mukono ya shati kwa mugongo?"

"Hapana, mzee."

"We umenishonea hivyo."

Mmoja wa bashingantahe aliangua kicheko, Msimamizi akafuata, na mwishowe mzee mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, jambo ambalo si la kikarani hata kidogo. Nikaandika maelezo mapya palepale, yakasomwa, yakatiwa sahihi, mzee akabonyeza kidole gumba. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akimwambia Mama Eliya:

"Mwana wanje, ile chungu kidogo ilinichosha. Leo upike ya wote."

Tangu siku hiyo Msimamizi hakuniambia tena niandike haraka, nami sikuhitaji kuambiwa niandike wazi. Nilijiwekea desturi ya kumsomea kila mteja maelezo yake, kisha kumwomba aniambie kwa maneno yake mwenyewe kilichoandikwa. Akisita, kosa ni langu. Neno dogo lilipokuwa na majina mawili ya kushika, nilirudia jina, hata sentensi ikawa nzito kidogo. Na mtu wa redio aliposema "langu", nilimuuliza kwa nini, nikajifunza. Wakulima wale walinifundisha Kiswahili kuliko nilivyofundishwa na mtu yeyote baada ya yule Mkuu wa Magarama.

Nilimaliza kazi yangu Gitega, kwenye ofisi kuu, nikiwa mhakiki, yaani msomaji wa mwisho kabla karatasi haijatoka. Mashine za kuandikia zilikwisha, zikaja kompyuta, na makosa yakaanza kutoka yakiwa safi na yamepangwa vizuri, jambo linalomdanganya mkaguzi. Mkurugenzi wa mwisho niliyefanya naye kazi alikuwa kijana kwangu. Siku yangu ya kuagwa alisema, "Mama Zaituni ametuzoesha kuogopa neno iko." Watu walipiga makofi, nami nilimsahihisha palepale mbele ya wageni. Siiogopi. Nyumbani kwangu Musinzira ninaisema kutwa nzima, na wajukuu wangu wakinisemesha Kiswahili cha daftari huwa nawauliza wamehamia Tanzania lini. Lugha ya mtaani kwetu ni tamu na haina kosa la kuomba radhi. Ninachowaambia vijana ni kwamba mnapoandika hampo pale karatasi inaposomwa. Hamwezi kuonyesha kwa mkono. Haya majina ya shule, nomino, kivumishi, kiwakilishi, si mapambo ya mtihani. Ni njia ya kumfikia mtu asiyekuona, naye akuelewe ulivyotaka kueleweka.

Nimestaafu nikiwa na furaha. Nina macho bado, nina marafiki wa mtaani wanaoniletea barua zao niziangalie kabla ya kuzituma, na ninalala vizuri.

Miezi michache iliyopita Mama Eliya alifunga safari kutoka Muyinga akaja kwangu. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Aliniambia Mzee Simeoni amefariki, taratibu, kitandani mwake, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye ofisi yetu ya zamani kuandikisha karatasi. Akaitoa kwenye kitambaa.

"Naipeleka kwa bashingantahe wiki ijayo," akasema. "Nilitaka wewe uiangalie kwanza, dada. Kama kuna kosa, unirekebishie."

Ilikuwa sentensi moja: "Mimi Simeoni, nyumba yangu, nyumba niliyoijenga katika shamba la mtoto wa kaka yangu, nyumba, si shamba, namwachia mtoto huyo."

"Karani alitaka kuipunguza," Mama Eliya akasema. "Baba mdogo akakataa. Alisema, 'Acha zote. Sitaki mutu amuulize huyu mutoto iko gani alipewa.'"

Kwa kanuni za kazi yangu, neno "nyumba" lilitosha mara moja, mara mbili nyingine zilikuwa za ziada. Nilisoma sentensi ile tena na tena mpaka sikuiona vizuri, kisha nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia haina kosa.